Bastola Juu ya Meza ya Kulia

Enzi zetu chuma kilikuwa kitu cha kuchezea. Sisi watoto wa mtaa ule kando ya Ziwa Tanganyika hatukununuliwa mwanasesere wala kigari, lakini baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na ringi zilizopinda zote zilikuwa mali yetu. Ulichukua ringi, ukatafuta kijiti, ukaikimbiza njia nzima mpaka sokoni huku kuku wakitawanyika. Ukirudi magoti yamechubuka, mama anakupaka mawese, anakuwekea bugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, halafu anakugombeza ukiwa unakula. Mtu mzima yeyote aliweza kukuchapa, na hukuthubutu kwenda kumshtaki nyumbani, maana ungeongezewa. Leo huku ughaibuni, hapa Toongabbie, watoto wangu wakikwaruzwa kidole wanataka plasta yenye katuni. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu, "It's fine, Mum," macho kwenye simu. Simu ikizima, nyumba inakuwa na msiba.

Wa rika langu mtacheka, na mimi nacheka nanyi. Ila leo nimekaa kuandika kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe imetoka huko huko utotoni.

Miezi michache iliyopita nilirudi mchana kutoka kazini, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi ya kuwahudumia. Watoto walikuwa bado shuleni. Mdogo wangu Bahati, ambaye anaishi nasi na anafanya kazi kwenye ghala moja upande wa Blacktown, alikuwa amekaa mezani, ile meza ya kulia chakula. Ametandaza taulo. Juu ya taulo kulikuwa na bastola ya gurudumu, zile ambazo risasi hukaa kwenye kigurudumu kinachozunguka, ya chuma kile kisichoshika kutu, imefunguliwa vipande vipande. Ilikuwa kuukuu, imejaa mikwaruzo, mpini wake wa mbao umepasuka. Alikuwa anaisugua kwa msasa laini uliolowa maji, polepole, ameinamisha kichwa upande mmoja.

Nilijua amejiunga na klabu ya kulenga shabaha. Nilidhani silaha wanaziacha huko huko.

"Toa hiyo kitu mezani pangu," nikamwambia.

"Yaya," akasema, maana kwetu dada mkubwa huitwa hivyo, "niko na laiseni. Polisi walikuja kuangalia kasiki ya kuifungia kule garage, wewe ulikuwa kazini. Haina risasi. Ni ya sport tu."

"Sijakuuliza laiseni."

Akatabasamu kama mtu anayembembeleza mgonjwa, akainua kipande kimoja nikione. Nusu ilikuwa imefifia, nusu inang'aa kama kijiko kipya. "Angalia vile inarudi," akasema. "Chuma ni chuma."

Hapo ndipo damu iliponipanda. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwa mtu mmoja tu duniani, na Bahati hakuwahi kumsikia akiyasema.

Nilikuwa darasa la nne. Karakana ya baba ilikuwa kibanda cha mabati mbele ya nyumba yetu. Siku moja aliingia ofisa wa askari waliokuwa wameushika mji wakati ule, akaweka bastola juu ya benchi kati ya mnyororo na pampu. Nayo ilikuwa ya gurudumu, imechubuka kama sufuria ya msibani. "Fundi, nataka ing'ae," akasema. Baba alijua baiskeli, bunduki hakuzijua. Lakini mwenye bunduki hakataliwi.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba aliipenda ile kazi. Aliisugua kwa msasa, kisha kwa jivu lililochekechwa na kitambaa cha kanga ya mama, akapaka mafuta ya cherehani. Alituita tuje tujitazame nyuso zetu ndani yake. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwambia, "Baba Neema, unapamba nyoka." Baba akacheka. "Chuma ni chuma, mama."

Ofisa alifurahi sana. Akazunguka nayo mji mzima akiionyesha na kumtaja fundi wake. Baadaye askari wale walifukuzwa, wakaja wengine, na wale wengine wakauliza ni nani alikuwa anatengeneza silaha za adui. Hawakuhangaika kupata jibu, mji mzima ulilijua. Walikuja tukiwa tunakula sombe, kisamvu chetu. Baba aliomba anawe mikono kwanza, akanawa, akatoka nao. Hatukumwona tena, wala hatukupewa mwili wa kuzika. Bahati alikuwa bado tumboni mwa mama.

Tulipofika kambi ya wakimbizi ng'ambo, Tanzania, mama alituweka chini sisi wakubwa. "Huyu mtoto mwambieni baba yake alikufa kwa homa," akasema. "Mtoto wa homa atalala. Mtoto wa kisasi hatalala." Tukatii. Enzi zetu mkubwa akifunga neno, limefungwa. Mama alikufa, na neno lilikuwa bado limefungwa, mpaka mchana ule nilipolifungua kwa makelele, nimesimama mbele ya mdogo wangu, bado nimevaa sare ya kazi.

Nilipomaliza, Bahati alifunika vile vipande kwa ncha ya taulo.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikiwaambia madaktari familia yetu iko na homa mbaya."

Nilimkasirikia ofisa, nikamkasirikia baba aliyecheka, nikamkasirikia mama kaburini. Bahati akaniuliza taratibu, "Jivu alikuwa anatoa wapi? Ya kuni au ya mkaa?"

Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na mapipa ya taka, kwa sababu ningebaki ningempiga. Mimi namweleza kilichomuua baba, yeye anaulizia jivu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuwa na kitu kingine cha baba cha kuulizia.

Bastola aliirudisha kwa muuzaji aliyemuuzia, akapewa pesa pungufu. Hakunifanyia hivyo kwa furaha. Siku kadhaa hakunisalimia, na mimi sikumwomba radhi, kwa sababu meza ni yangu na hofu ni yangu.

Watu wa umri wetu tunapenda kusema watoto wa zamani walikuwa na adabu, hawakuhoji wakubwa. Ni kweli, hatukuhoji. Tulikula, tukanyamaza, tukaita ukimya ule heshima, na watu wakakua bila baba zao hata kwa maneno. Siku hizi Bahati ananiuliza habari za baba kila Jumapili tukitoka kanisani, na watoto wangu nao wanaweka simu chini wanauliza kwa Kiingereza chao: babu alikuwa mrefu? Alikuwa anaimba? Alikuwa mkali? Nawajibu kwa hasira. Lakini nawajibu.