Uso wa Kwenye Picha

Dukani kwetu, mtaani Shubra, dada anayebuni mabango hagusi picha ya kununua mtandaoni kabla hajasoma masharti ya leseni, kidole kikifuata kila mstari, chai ikipoa. Juzi daktari wa ngozi, mteja wetu mkubwa, alitaka mwanamke wa kwenye picha ya bango lake atiwe chunusi.

“Picha nimeilipia, injinia!” akamwambia dada, maana kwetu mbunifu naye huitwa hivyo kwa heshima.

“Kuikata ruksa, daktari, hata rangi tutabadili. Kumfanya mgonjwa, masharti yanakataza. Huyu binti wa watu! Mama mkwe wake akimwona ukutani na vipele hivyo?”

Nilijua tumempoteza. Daktari akacheka, akavua miwani, akageuza shavu lake lenye makovu ya chunusi za ujanani.

“Haya, nipigeni picha mimi.”

Dada akamsogezea karatasi na kalamu. “Kwanza andika kwamba umekubali.”