Jembe la Aziziya

Gongo jipya la besiboli la binti wa madam lilinukia mbao na mafuta. Pale pale uani, mtaani Aziziya, ughaibuni nilikofanya kazi za ndani, nikajikuta kimawazo shambani kwetu, mtoto mdogo, nimeng'ang'ania jembe la mama.

Langu dogo lilikuwa limevunjika mpini. Hili lake nililiinua, likanivuta, nikala udongo. Ndugu zangu wakaangua kicheko. Mama akaishika mikono yangu na kuisogeza mbele, karibu na chuma.

"Shika hapa. Usipigane na jembe, mama. Likikuzoea, utairudisha mikono nyuma."

Nikapiga tena. Udongo ukafunguka mweusi, unanukia mvua, nami nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Zito! Halas, sitaki tena!" Binti wa madam alilitupa gongo chini.

Nikaliokota, nikampa, nikaisogeza mikono yake mbele kidogo. "Shika hapa. Usipigane na jembe, mama." Neno la kwetu likanichomoka katikati ya Kiarabu changu.

Nikamrushia mpira. Akaupiga, ukavuka ukuta hadi kwa jirani.

"Jembe! Jembe langu!" alipiga mayowe akirukaruka.

Madam akachungulia mlangoni. "Jembe? Ndivyo Wamarekani wanavyoliita?"

"Ndiyo, madam," nikasema, nikakimbia kuutafuta mpira kabla sijacheka.