Aliyenishika Mkono Nikifunga RAM Kisarawe

Wapo wanaosema nilikuwa na njaa, au nilisinzia juu ya meza. Waseme. Ilikuwa alasiri, nilikuwa nimeshiba, na ninachokueleza nilikiona kwa macho haya haya ninayotumia kutafutia riziki. Usipoamini hunipunguzii kitu, ila nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa kompyuta, mwanamke, nina kibanda changu Sofu, Kibaha. Siku hiyo nilikwenda Kisarawe kwa mjane mmoja, Bi Tatu. Mumewe, Mzee Kondo, alikuwa mpima ardhi, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuchora ramani za mashamba kwenye kompyuta ya mezani aliyoiweka katika chumba kimoja cha nyumba yake. Alipofariki, mdogo wake aitwaye Pazi, mkazi wa Gwata, akajitokeza kudai kwamba shamba la mikorosho la marehemu ni lake. Ramani ya karatasi haikuonekana tena baada ya matanga. Iliyobaki ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa haiwezi kuifungua. Ukijaribu, inaganda, kisha inaandika kwamba memori haitoshi.

Utaniuliza, kwa nini sikulihamishia faili kwenye mashine nyingine? Nililijaribu kabla, Bi Tatu aliponitumia kwa flashi. Programu ya mzee ilikuwa ya zamani mno na ilifungwa kwenye mashine ile tu. Hakuna nyingine iliyolisoma. Kwa hiyo ilibidi niiongezee RAM, yaani vipande vya memori, mashine ile ile, pale pale ilipo.

Nilifika mvua kubwa ikianza. Bi Tatu akanionyesha chumba, kisha akaketi ukumbini na ungo wake wa mchele, mbele ya mlango. Mlango ni huo mmoja. Dirisha lina nondo.

Nilipofungua kava nilikuta nafasi mbili za RAM. Moja ilikuwa na kipande chake, ya pili ilikuwa tupu. Vumbi lilikuwa limejaa kila mahali isipokuwa kwenye ile tupu. Yaani mtu alikuwa amechomoa kipande, na si zamani sana.

"Mama, kuna fundi mwingine aliyeifungua hii?" nilimuuliza.

"Hakuna, mwanangu. Humo kalala shemeji yangu tu, Pazi, siku za hitma. Tangu hapo ndiyo haifungui ramani."

Nikachomoa waya wa umeme, nikakitoa kile cha zamani, nikachomeka RAM mpya nilizokuja nazo, nikakandamiza mpaka vibanio vikafunga. Nikarudisha waya, nikawasha. Kioo cheusi, na mashine ikaanza kulia, pii, pii, pii. Fundi yeyote anajua kilio hicho, mashine inasema haioni memori. Nikazitoa, nikazisugua meno kwa raba ya kufutia, nikajaribu moja moja, nikazihamisha nafasi. Kilio kile kile. Nikairudisha ile ya zamani peke yake, mara kwenye nafasi hii, mara kwenye ile. Ikawaka vizuri kote. Basi nafasi zote zilikuwa nzima. Na zile mpya nilikuwa nimezijaribu Sofu kwenye mashine nyingine, zikafanya kazi.

Nikazima, nikachomoa waya, nikaziweka zote kwenye mwanga wa dirisha na kuzilinganisha. Za kwangu zilikuwa na vidude vyeusi vichache vikubwa, upande mmoja. Ya zamani ilikuwa na vidude vingi vidogo pande zote mbili. Bodi nyingi za kompyuta za umri ule hazisomi hizi za vidude vikubwa, hata kama zinaingia bila tabu. Hapo hapana uchawi, ni ufundi tu. Na kwenye begi nilikuwa na kipande cha zamani nilichokitoa kwenye mashine iliyokufa ya umri ule ule.

Nikairudisha ya mzee mahali pake, waya nikauacha sakafuni. Nilipoinama kwenye begi nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Mwanamume mtu mzima alikuwa amekaa kwenye kitanda. Alivaa kanzu na koti la kijivu, na ndevu zake alikuwa amezipaka hina. Mvua ilikuwa inamwagika nje, lakini koti lake lilikuwa kavu, na miguu yake ilikuwa mikavu. Nikadhani ni ndugu wa nyumba ile, labda alipita nikiwa nimeinamia mashine.

"Shikamoo," nikamwambia.

Hakuitikia. Alikuwa ananiangalia mikono.

"Nani kakutuma uchokonoe mali ya watu?"

"Nimeitwa na Bi Tatu. Naongeza memori, ramani ifunguke."

"Haitafunguka. Chomeka chochote, kitalia. Wewe mwanamke rudi kwenu, nakuambia mara ya mwisho."

Aliongea polepole, bila kupandisha sauti, na chuki niliyoisikia katika sauti ile sijawahi kuisikia kwa mtu. Lakini na mimi nina ukaidi wangu. Nikageuka nikakiweka kile kipande kwenye nafasi yake. Nilipoanza kukikandamiza, mashine ikalia.

Unanielewa? Waya ulikuwa sakafuni. Niliuona kwa macho. Mashine haikuwa na umeme, na ilikuwa inalia pii, pii, pii mfululizo, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Kabla sijautoa mkono, akaushika. Sikumsikia akiinuka kitandani. Alinibana vidole juu ya kile kipande, na maumivu yakapanda mpaka begani kama nimeshika waya ulio hai. Nikaita jina la Mungu kwa sauti yangu yote.

Bi Tatu akaingia mbio, mchele umemwagika. Kilio kilikuwa kimekoma. Chumbani tulikuwa mimi na yeye tu.

"Yule mzee katokea wapi?" nikamuuliza.

"Mzee gani, mwanangu? Mimi nimekaa mlangoni."

Nikamweleza alivyovaa na ndevu zake. Bi Tatu akatoa simu yake. Binti yake, Zuhura, alikuwa Gwata harusini, na picha zilikuwa zinaingia saa ile ile. Akafungua moja, akanisogezea.

Ni yeye. Koti lile lile, ndevu zile zile. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya watu wengi, anamwozesha binti yake, na mkono wake ulikuwa umeushika mkono wa bwana harusi.

"Huyo ndiye Pazi," Bi Tatu akasema. "Acha hiyo kazi, mwanangu. Tutakosa shamba, lakini wewe utarudi kwenu mzima."

Kusema kweli nilitaka kukimbia. Lakini nikajiuliza, mtu atoke Gwata kwa njia ile, aache harusi ya mwanawe, aje kunitisha kwa sababu ya kipande cha RAM? Basi kilichomo mle kinamuumiza. Mkono wa kulia ulikuwa hautii, nikatumia wa kushoto. Bi Tatu akasimama nyuma yangu akisoma Ayatul Kursiy. Kibanio kikafunga. Nikarudisha waya, nikawasha, nikafumba macho.

Haikulia. Kioo kikawaka, memori zote zikasomeka, na ramani ikafunguka, mpaka kwa mpaka, na jina la Mzee Kondo chini yake. Nikaichapa, nikaihifadhi kama picha inayofunguka popote.

Baraza la ardhi liliposikiliza shauri lile, niliitwa kueleza ramani imetoka wapi. Bi Tatu akapewa haki yake. Nilipotoka nje, Pazi alikuwa amesimama ukutani. Hatukuwahi kukutana kabla ya hapo, kama wewe unahesabu kukutana kwa kawaida. Akaniangalia mikono.

"Vidole vinasemaje, fundi?"

Habari ya vidole nilikuwa sijamwambia mtu zaidi ya Bi Tatu, naye aliniapia kwamba hakufungua mdomo.

Vidole vyenyewe ni hivi, viwili vya mwanzo vya mkono wa kulia. Baadaye hospitali walivipiga picha, wakasema mifupa na mishipa ni mizima. Lakini havisikii kitu. Nimewahi kuvichoma na pasi ya kulehemu, nikajua kwa harufu. Kazi nafanya kwa kushoto, na siku nyingine mashine ya mteja ikilia kibandani natoka nje kwanza, nakaa juani.

Pazi bado yuko Gwata, mzima wa afya, na anapajua kwangu. Kwa hiyo wewe fundi unayenisikiliza, ukiitwa kufungua mashine ya marehemu, usianze kuuliza ina RAM ya aina gani. Uliza kwanza ni nani aliye hai asiyetaka ifunguke. Ukishaambiwa jina lake, ndipo uamue kama utakwenda.