Asteria na Picha ya Ngusa

Mji mzima wa Kagongwa uliijua sauti ya Asteria, na wanaume wengi tu waliipenda. Uso wake hawakuujua. Ignas, mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea picha za video, alikuwa ametundika pazia kando ya runinga, na huko nyuma ndiko binti huyo alikoketi na maiki kutafsiri picha za Kizungu. Kiingereza alikipata kwa masista waliomlea, wala hakuwa kama watafsiri wengine wanaotunga nusu ya maneno. Uvimbe ulioanza utotoni ulikuwa umelishusha shavu lake la kushoto hadi chini ya kidevu. "Wateja wakikuona watakimbia," Ignas alimwambia siku ya kwanza. Mwenye njaa hana miiko, Asteria alikubali. Alikubali, lakini hakusamehe.

Mariana, mkata tiketi, ndiye pekee aliyepita nyuma ya pazia. Walikula ugali sahani moja na kuwasengenya wanaume walioipenda ile sauti, hasa mchimbaji mmoja wa dhahabu, Chacha, aliyezoea kutuma soda "kwa dada mwenye sauti." Mariana alizipeleka, Asteria akazinywa. Soda haina kosa.

Jumamosi moja alasiri Ignas akaleta picha ya mambo ya kale, ya mtu wa Ulaya mwenye uso uliovimba, na rafiki yake fundi viatu aliyekataa kumficha. Desturi ya watafsiri ni kuwapa watu wa kwenye picha majina ya kwetu, na la mtu huyu Ignas alikuwa ameshalichagua.

"Huyu muite Zimwi. Mtie vichekesho, watu wavunjike mbavu."

Picha ilipoanza Asteria akawasalimu kwa Kisukuma kwenye maiki, "Mwadila, ndugu zangu! Huyu mnayemwona anaitwa Ngusa." Lilikuwa jina la baba yake mzazi.

Wachimbaji wakacheka hata hivyo. "Ngusa gani? Zimwi hilo!" Chacha akapaza sauti. "Mama yake alizaa na fisi!"

Asteria akazima maiki.

Kwenye runinga midomo iliendelea kucheza, na ukumbi ukabaki umeduwaa. Fundi viatu alikuwa akilia, na hapana aliyejua analilia nini. "Tafsiri, dada!" "Rudisha sauti!" Ignas akakimbilia pazia, lakini Mariana akamtangulia, akalivuta mpaka kamba ikakatika.

Asteria akasimama mbele yao. Kuna aliyepiga yowe. Kuna waliotoka.

"Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo," akasema. "Mimi ndiye sauti yenu. Shavu hili halijawahi kukosea tafsiri. Na mama yangu hakuzaa na fisi, Chacha. Alizaa na Ngusa, mkulima wa mpunga. Soda zako nimekunywa, ahsante."

Watu wakaangua kicheko, na safari hii aliyechekwa ni Chacha.

"Rudi nyuma, unaniharibia biashara!" Ignas akafoka.

"Sirudi. Ukitaka mtu wa kujificha, kajifiche wewe utafsiri." Akavuta kiti, akaketi pale pale mbele, mwanga wa runinga ukimpiga usoni. "Picha itaendelea mtu huyu akiitwa kwa jina lake."

Ignas alitazama mlango, akawatazama wateja wake. Hapana aliyenyanyuka tena. Hatimaye Chacha, macho yakiwa chini, akauliza kwa sauti ndogo, "Dada Asteria, Ngusa anasemaje?"

"Nitazame ndipo uniulize."

Chacha akainua kichwa, akamtazama usoni, akauliza tena. Asteria akawasha maiki.