Ukurasa wa Mwalimu wa Usinge

Mwaka ule simu yangu ilikuwa inaita mara mbili kwa wiki. Jumapili alipiga mke wangu kutoka Mwanza, alikokwenda kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Arobaini ikapita, mtoto akaota meno, akaanza kutambaa, na bibi wa watu bado yuko huko huko. Sikumlaumu. Tulikuwa tunaongea dakika mbili, mtoto analia, simu inakatwa. Mimi nabaki Tabora na redio na hasira zangu za ustaafu.

Jumatano alipiga mwalimu mmoja wa Usinge. Nilimfundisha zamani sekondari, na sasa alikuwa amekabidhiwa maktaba ya shule yake huko karibu na misitu: makabati matatu ya vitabu na kompyuta moja ya msaada. Mimi ndiye niliyemshawishi aache daftari atumie programu ya maktaba niliyoizoea kazini. Ni programu huria. Haiuzwi, imetengenezwa na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali, na yeyote anayeweza kuirekebisha anaruhusiwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Imegoma tena."

"Marahaba, binti yangu. Leo imegomea wapi?"

Kosa halikuwa lake. Tovuti ya mradi ule iliandikwa na wanaojua tayari kwa ajili ya wanaojua tayari. Ukurasa wa kuanzia ulianzia katikati. Toleo linalofanya kazi bila intaneti, ambalo ndilo pekee lingemfaa mtu wa Usinge, lilikuwa chini kabisa, baada ya orodha ndefu ya shukrani. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Mwalimu, nimechoka. Muhula ukiisha hivi hivi, mimi narudi kwenye daftari langu."

Sitaki kujipa sifa nisizostahili: sikuwaza wanafunzi wala vitabu. Niliwaza kwamba akirudi kwenye daftari, hatakuwa na sababu ya kunipigia.

Basi nikaamua kuutengeneza ukurasa ule mwenyewe. Nilijiandikisha kwenye jukwaa ambako wale wanaojitolea hujadiliana, nikaandika kwa Kiingereza changu cha ualimu: hamjambo, poleni na kazi, mimi ni mstaafu, niko Tabora, je, familia zenu hazijambo? Nikaishia hapo. Mji huu umepokea wasafiri tangu enzi za wapagazi, na bado sijamwona mtu mwenye adabu akiingia nyumba ya watu na kumwaga shida yake kabla hajaitikiwa. Nikasubiri waitikie.

Nilisubiri wiki tatu. Kila asubuhi baada ya chai nafungua kompyuta, hola, hakuna aliyejibu. Nikaanza kuwasema moyoni, watu gani hawa, hata salamu inawashinda? Wiki ya nne nikakuta ujumbe wangu umefungwa usijibiwe tena, na chini yake mstari mmoja: hakuna tatizo lililoelezwa.

Nilicheka peke yangu sebuleni, kicheko kikubwa kabisa, halafu kikaisha vibaya. Hapakuwa na mtu wa kumsimulia. Sidhani kama kuna siku nyingine mwaka ule nilipojiona mpweke namna ile.

Nikaandika upya bila salamu, nikijiona mkorofi: ukurasa wenu una kasoro hizi, nimeandika mwingine, huu hapa. Wakajibu siku hiyo hiyo! Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alisema aya zangu ni ndefu, mwingine akataka kila hatua iwe na picha. Nilinung'unika kidogo, nikatii.

Lakini maneno nilimwandikia yeye. Kila mahali alipowahi kukwama niliweka sentensi. Kuna kitufe cha kijani alichokuwa akikibonyeza mapema. Nikaandika kwamba kisiguswe kwanza. Siku moja umeme wa sola ulimkatikia katikati ya kazi; nikaeleza pa kuanzia tena. Jumatano zetu zote ziliingia mle, moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi tamu. Nilikuwa kama naongea naye kutwa, na mchana mwingine nilisahau hata kuwasha redio.

Ukurasa ulipowekwa kwenye tovuti nilimpigia, nikamwambia aufungue. Jumatano iliyofuata simu haikuita. Nikasema ni mtandao. Jumatano ya pili nilikaa nayo mkononi hadi chakula cha mchana kikapoa. Kesho yake ukaja ujumbe: "Shikamoo Mwalimu. Ule ukurasa mpya umeeleza kila kitu. Programu nimeiweka mwenyewe bila kumuuliza mtu, na vitabu vyote vimeingia. Asante sana. Sasa pumzika, sitakusumbua tena."

Nilimjibu hongera, na niliimaanisha. Kisha nikaufungua ukurasa. Nikausoma polepole, hatua kwa hatua, kutoka juu hadi chini, nikitafuta mahali ambapo bado angeweza kukwama. Sikupata hata mahali pamoja.