Makomeo Matatu ya Ukumbi

Shirika letu huwaficha wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Karani wa mapokezi, Bi Funguo, kwa miaka kumi na tisa alitunza orodha ya nyumba wanamofichwa katika kabati la chuma, ufunguo ukining'inia shingoni mwake. Kisha ikaja kompyuta, na fundi wake.

Kwa kuwa wakubwa wetu hugombania ukumbi wa mikutano kama watoto, fundi alianza kwa kuifungia ratiba ya ukumbi huo: neno la siri, namba inayotumwa kwenye simu, mpaka alama ya kidole. Orodha ya wanawake, aliyoihamishia humo humo kwenye kompyuta, akaiacha wazi. "Hiyo haigombaniwi na mtu, mama."

Bi Funguo alimkodolea macho. "Mwanangu, jikoni makomeo matatu, chumbani pazia?"

Fundi akacheka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatatu akaja mwanamume nadhifu, akaomba kupangiwa ukumbi. Bi Funguo akaandika neno la siri, likakataliwa. Akaandika tena, likakubaliwa. Akasubiri namba, haikuja. Akafuta kidole kwenye gauni, akabonyeza na kubonyeza. Mgeni akazunguka meza amsaidie. Pembeni ya kioo cha kompyuta, orodha ilikuwa wazi tangu asubuhi.

"Nisamehe, baba. Mambo haya yananichanganya."

"Usijali, mama," alisema kwa upole. "Mke wangu nimeshaona alipo."

Mlango ulipojifunga nyuma yake, simu ikalia: namba ya ukumbi imefika.