Punje ya Pili ya Kokwijuka

Umande bado uko kwenye migomba ya Kanazi, na Ephrasia Kokwijuka ameshashusha mzigo wa kwanza wa nyasi. Anaufungua, anachambua miiba kwa vidole, kisha anatandika sakafu ya nyumba yake kabla ya kwenda kutandika za watu.

Ndiyo kazi ya mjane huyu wa miaka hamsini na kitu: kukata nyasi mlimani na kuwauzia wanaopenda nyumba inayonukia. Mzigo ni shilingi moja. Siku za shamba la ujamaa mundu unalala, maana anashika jembe na wenzake.

Sakafu ikishakuwa laini, anaketi. Anatoa tunda moja la kahawa kavu, lile la kutafuna, analipasua, zinatoka punje mbili. Punje moja anaitia mdomoni. Ya pili anaiweka juu ya kipande cha jani la mgomba, pale anapoketi mgeni. Halafu anazungumza kwa Kihaya, polepole, habari za jana: mgongo, mvua, mjukuu aliyekohoa.

"Rozari nasali, lakini hayo ni maneno yetu wote," humwambia anayemuuliza. "Rafiki unamwambia na ya jikoni."

Punje hiyo ndiyo iliyomponza. Jirani yake Anatolia aliiona, akapeleka habari kigangoni kwamba Kokwijuka anatambikia mizimu. Jumapili hii Kokwijuka alikuwa awe mama wa ubatizo wa mjukuu wake Benigna. Katekista Aristides akasema jambo hilo lisubiri kwanza.

Leo katekista amekuja kujionea. Anabisha hodi, anavua viatu kwa heshima ya nyasi mpya, lakini haketi. Anaonyesha punje iliyo juu ya jani.

"Mae, mama yangu, hii ni ya nani?"

"Ya rafiki yangu, Mwalimu."

"Rafiki gani asiyetafuna?"

Kokwijuka anacheka kidogo. Anamkumbusha kwamba wazee walipofunga urafiki wa kufa na kuzikana, waligawana punje za tunda moja, kila mtu akameza yake. Akaona vibaya yeye ale, Mungu akose. Ila punje hiyo hawaachii panya. Akimaliza maongezi, punje ya pili humpa mtu wa kwanza kufika, bila kuchagua.

"Na akifika usiyempenda?"

"Hapo ndipo nilipoanza kumjua Mungu, waitu, Mwalimu wangu. Juzi nilisikia miguu, nikamwambia, asiwe Anatolia. Akawa Anatolia. Nikamnunia Mungu, siyo Anatolia. Halafu nikampa."

"Akapokea?"

"Akatafuna, akauliza kama ninayo nyingine."

Katekista anajizuia asicheke. Anainama kuitazama punje, kama mtu anayetafuta kitu kilichoandikwa juu yake.

"Na leo ni ya nani?"

"Wewe ndiye uliyetangulia."

Ndipo anapoketi. Anauliza Mungu ameambiwa nini asubuhi hii.

"Nimemwambia nakuogopa."

"Akasemaje?"

"Alikuwa hajajibu. Ukabisha hodi."

Aristides anaiokota punje, anaitafuna. Akivaa viatu mlangoni, anamwambia Jumapili amlete mtoto wa ubatizo yeye mwenyewe, mapema, kabla ya kengele.

Nje, karibu na kizingiti, Kokwijuka ana mche wa mbuni, mti wa kahawa, kwenye kopo bovu. Mvua zikikolea ataupanda hapo hapo. Utakapoanza kuzaa, Benigna naye atakuwa anajua kusema.

"Apasue tunda lake mwenyewe," anasema, akijitwika mzigo wa pili. "Hili langu lina wenyewe wawili tayari."